Kuuliza Si Ujinga: Historia Fupi ya Kibali cha Ujenzi, na ya Boma Letu la Barabarani



Kila anayeingia mjini kwetu kwa basi hulipita boma letu. Liko upande wa kushoto, ukishavuka daraja. Kuta zimefika usawa wa lenta, paa halina, na kwenye ukuta unaotazama barabara kuna alama ya X ya rangi nyekundu ambayo mvua za miaka yote hii zimeshindwa kuifuta. Watoto wanalitumia kama goli. Lilikuwa liwe jengo la wazazi la zahanati yetu.

Kila harambee, mwanachama mmoja huinuka na kuuliza: fedha zile zilikwenda wapi? Sisi tunaoshika vitabu vya chama tumekuwa tukijibu kwa risiti. Risiti zinaonyesha saruji mifuko mingapi, tofali ngapi, fundi alilipwa nini. Hazionyeshi kwa nini jengo lenye kibali chenye mhuri liliwekewa X. Jibu la swali hilo halimo katika hesabu zetu. Limo katika historia, na ni historia ya jambo linaloonekana dogo: kabla mtu hajajenga, nani anapaswa kumuuliza nani, na aliyeulizwa ajibu ndani ya siku ngapi. Mwaka huu tumeona tuiandike, ili mchango unaoombwa leo utolewe na mtu anayeelewa njia ulikopita mchango wa jana.

Meza moja

Kibali cha ujenzi hakikuanza kama huduma kwa mwananchi. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891, mwaka huo huo walitoa kanuni ya majengo iliyougawa mji kwa aina za nyumba: hapa nyumba za mtindo wa Ulaya, kule za udongo na makuti. Waingereza nao, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walitunga Sheria ya Miji ya mwaka 1920, na kanuni za ujenzi za mijini za mwaka 1930 zikafuata. Maandishi yalizungumzia viwango vya majengo, lakini matokeo yake yalikuwa kutenga watu, na majina yamebaki katika miji yetu hadi leo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Hatuitamani enzi hiyo. Tunaitaja kwa sababu moja. Maombi yalikuwa machache, miji ilikuwa midogo, na aliyetoa ruhusa ndiye aliyesimamia karibu kila kitu mjini: barabara, mitaro, vyoo, soko. Mwombaji alisimama mbele ya serikali moja yenye meza chache zilizo jirani. Wengi wa watu wetu walijenga nje ya mipaka ya mji, ambako hakuna aliyewauliza wala aliyewapimia.

Sheria ya 1956

Mwaka 1956, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji, iliyofahamika kwa Sura ya 378. Mama yake ilikuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1947, iliyoweka msingi kwamba mtu hawezi kuendeleza ardhi yake bila ridhaa ya mamlaka ya mipango. Sura ya 378 ilituletea ridhaa hiyo, na ikatuletea pia ramani za jumla za miji na kamati za kupitia maombi.

Tulipopata uhuru hatukuifuta. Tuliitumia kwa miaka 51, mpaka Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 ilipochukua nafasi yake. Katika muda huo Dar es Salaam ilichorewa ramani kuu ya mwaka 1968 na nyingine ya mwaka 1979, zote kwa msaada wa wataalamu kutoka Kanada. Wilayani, mchoro wa mipango miji ulisafiri kwenda wizarani kuidhinishwa, na ramani ya upimaji nayo ikasafiri. Wazee wetu wanakumbuka bahasha za kaki zilizopanda basi kwenda Dar es Salaam na mtumishi aliyetumwa kuzifuatilia, ambaye alirudi na habari kwamba bado.

Miaka bila halmashauri

Kisha lilikuja jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali ilianza kuzifuta serikali za mitaa na kazi zake zikahamia kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Halmashauri za mijini zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1978. Sheria Namba 7 na Namba 8 za mwaka 1982 zikaandika upya mfumo mzima, nazo halmashauri zikaanza tena kazi Januari 1984.

Kwa yeyote anayetunza vitabu, maana ya miaka hiyo ni rahisi kuielewa. Kampuni ikifungwa kwa miaka kumi na kufunguliwa tena na watu wapya, huanza na leja tupu. Mipaka ya viwanja, ahadi za barabara, maeneo yaliyoachwa kwa ajili ya shule au soko, vyote vinahitaji mtu anayekumbuka na rejesta inayosomeka. Halmashauri iliyozaliwa upya ilikuta watu wamekwisha kujenga, na ikawa inaulizwa mambo ambayo haikuwahi kuyaandika.

Mafahali wawili Dodoma

Mfano mkubwa kuliko wote wa taasisi mbili juu ya kiwanja kimoja uko Dodoma. Mwaka 1973, ilipoamuliwa kuhamishia makao makuu huko, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi cha CDA. Ilipewa kupanga mji, kugawa viwanja na kusimamia ujenzi. Pembeni yake kulikuwa na manispaa yenye madiwani waliochaguliwa, yenye wajibu wa taka, afya, shule na masoko kwa wananchi wale wale.

Kwa hiyo mkazi wa Dodoma alikuwa na mabwana wawili. Aliyempangia kiwanja si yule aliyemchagua, na aliyemchagua hakuwa na kauli juu ya kiwanja. Hata hati zilitofautiana na za kwingine: chini ya CDA mtu alipewa miaka 33, wakati mahali pengine nchini ilizoeleka miaka 99. Malalamiko yalidumu miongo minne. Mwezi Mei 2017, Rais John Magufuli aliivunja CDA na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa ya Dodoma, ambayo mwaka uliofuata ilipandishwa kuwa jiji.

Tusiseme kwamba CDA haikufanya kitu. Barabara pana na viwanja vilivyopimwa vya Dodoma ni kazi yake. Tunalosema ni kwamba mamlaka mbili zilizo nzuri, zisipowekewa utaratibu wa kuulizana, humwacha mwananchi katikati kama nyasi chini ya mafahali.

Wakati wa wakala

Badiliko lililotugusa sisi moja kwa moja lilianza mwaka 1997, ilipotungwa Sheria ya Wakala za Serikali. Wazo lilikuwa jema: kazi ya kitaalamu ikabidhiwe chombo chenye wataalamu, bajeti na malengo yake. TANROADS ilianza mwaka 2000 kwa barabara kuu na za mikoa. Sheria ya usalama mahali pa kazi ilikuja 2003. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliipa NEMC meno. Sheria ya 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la taifa, wakati zamani magari ya zimamoto yalikuwa ya halmashauri. Sheria ya maji na usafi wa mazingira ya 2009 iliimarisha mamlaka za maji. TARURA ilianza 2017 kwa barabara za mijini na vijijini, na RUWASA ikafuata 2019 kwa maji vijijini.

Zitazame moja moja, utaona kila sheria ina sababu. Hakuna mzazi anayetaka bweni lisilo na njia ya gari la zimamoto, wala kisima kilicho jirani na shimo la maji taka. Lakini zitazame zote pamoja kwa jicho la mwombaji. Meza zilizokuwa ndani ya jengo moja zimetawanyika kwenye majengo saba au nane, mengine mjini mkoani. Kila meza ina sheria yake, fomu yake na ada yake. Halmashauri imebaki na jukumu la kutoa kibali, ila majibu inayoyahitaji yako mikononi mwa watu wasioripoti kwake.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo tunalolizungumzia. Tuliunda wataalamu wa kuulizwa kabla hatujatengeneza njia ya kuwauliza.

Kwa nini tuulize

Wapo wanaosema dawa ni kupunguza maswali. Tunawakumbusha asubuhi ya tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoporomoka na kuua watu 36. Wakati ule lilikuwa limefika ghorofa 16. Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani. Kila mara baada ya msiba hufuata swali lile lile: nani aliidhinisha, nani alikagua, nani aliulizwa? Swali la aina hiyo linapaswa kuulizwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Kwa hiyo chama chetu hakiombi kuachwa kijenge kitakavyo. Tunaomba tuulizwe na tujibiwe vizuri. Tunalisema hili tukiwa tumeumia pande zote mbili: mara ya kwanza kwa kutoulizwa mtu, mara ya pili kwa kuulizwa watu bila tarehe.

Mara ya kwanza: hakuna aliyeuliza

Boma la barabarani lilipata kibali mwaka 2010. Ukuta wake wa mbele uko mita 25 kutoka katikati ya barabara. Kwa kipimo kilichozoeleka tangu zamani, cha mita 22.5 kila upande, tulikuwa salama, na waliotupimia walitumia kipimo hicho. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kupanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande. Kwa sheria mpya tulikuwa ndani ya hifadhi kwa mita tano.

Waliojenga kwa halali kabla ya sheria hiyo, wakajikuta kati ya mita 22.5 na 30, waliwekewa X ya kijani, maana yake watalipwa fidia eneo likihitajika. Sisi tulijenga baadaye. Yetu ilikuja mwaka 2012, na ilikuwa nyekundu. Haina fidia.

Hatuwalaumu wenye rangi. Walitekeleza sheria iliyopitishwa na Bunge. Kilichokosekana ni barua moja. Laiti kabla ya mhuri kungekuwa na nakala ya mchoro wetu iliyokwenda kwa wasimamizi wa barabara, jibu lingekuwa sentensi moja: sogeeni nyuma mita tano. Kiwanja kilikuwa na nafasi ya kusogea mita kumi. Katika vitabu vya chama tulifuta Sh. 11,460,000. Ilikuwa michango ya watu 312, baadhi yao waliotoa shilingi elfu mbili mbili, na watatu kati yao hawapo tena duniani.

Nasi tulikosea. Tuliuona mhuri kama mwisho wa safari, hatukuuliza umepitia kwa nani.

Mara ya pili: siku 525

Familia moja ya hapa kwetu ilitupa eneo nyuma ya zahanati, mbali kabisa na barabara kuu. Tulichanga upya. Tarehe 14 Machi 2022 tuliwasilisha maombi, safari hii tukiomba wenyewe kwamba kila mhusika aulizwe. Kibali tulikipata tarehe 21 Agosti 2023. Ni siku 525.

Kwa kuwa kazi yetu ni hesabu, tulifungua daftari la faili kama tunavyofungua daftari la fedha: siku limeingia, siku limetoka, liko kwa nani. Mwisho wake tulifunga hesabu hivi.

Siku 61 za kwanza zilikuwa zetu wenyewe kwa sehemu kubwa. Tulipeleka michoro bila ramani ya upimaji, na hapakuwa na orodha ya kutuambia mapema kwamba inahitajika.

Siku 118 barua kuhusu njia ya kuingilia kiwanjani ilikaa katika ofisi moja ambayo haihusiki tena na njia za aina hiyo. Haikuijibu kwa sababu si yake. Haikuirudisha kwa sababu hakuna utaratibu wa kurudisha. Aliyeituma hakujua kama imefika mahali pasipo pake.

Siku 97 zilipotea kwa waraka mmoja. Taasisi ya pili ilitaka nakala ya waraka ambao taasisi ya kwanza ilikwisha kuupokea kutoka kwetu na kuuweka kwenye faili lake.

Siku 143 zilikwenda kwenye shimo la maji taka. Wa maji walitaka lihamie mashariki, mbali na kisima. Mchoro ukarudi kwa mchoraji, ukarekebishwa, ukaenda kwa wa zimamoto, nao wakaona kwamba shimo limekaa palepale ambapo gari lao linatakiwa kugeuzia. Likarudishwa magharibi. Wa maji wakalikataa. Mchoro ulifanya safari hiyo mara tatu, na kila safari ilianza mwanzo wa foleni.

Siku 70 tulisubiri kikao cha kamati ya halmashauri, kwa kuwa majibu yalikamilika siku nne baada ya kikao kilichotangulia.

Jumla ni siku 489. Zilizobaki, siku 36, ndizo pekee ambazo tunaweza kuonyesha kwamba mtu alikuwa anasoma, anapima au anakagua. Wataalamu wetu si wazembe. Kazi yao yote juu ya jengo letu ilihitaji siku 36. Zilizobaki zilikuwa za karatasi kusubiri.

Kusubiri kuna bei. Makadirio ya ujenzi yalipanda kutoka Sh. milioni 84 hadi Sh. milioni 96 tulipoomba bei upya za nondo, saruji na bati. Na kuna gharama isiyoingia kwenye vitabu. Hospitali ya wilaya iko kilomita 38 kutoka kwetu. Katika siku hizo 525 akina mama wetu waliendelea kuifuata usiku kwa bodaboda.

Dakika arobaini chini ya mwembe

Lile shimo lilipatiwa ufumbuzi namna gani? Diwani wetu na mhandisi mmoja kijana walishauri jambo ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote: wahusika wote waje kiwanjani siku moja. Tulikodi Noah, tukawachukua wanne kutoka ofisi nne. Walisimama chini ya mwembe, wakavuta futi kamba, wakabishana kidogo, kisha wa zimamoto akasema gari linaweza kuingilia upande wa jikoni iwapo uzio utavunjwa mita sita. Wa maji akaafiki shimo libaki mashariki. Wote wanne wakasaini mchoro mmoja juu ya boneti ya gari. Ilichukua dakika arobaini.

Tangu siku hiyo tumeamini kwamba tatizo letu linatibika.

Wenzetu wamefanya nini

Kule Uingereza, ilikotoka sheria yetu ya 1956, taasisi zinazopaswa kuulizwa zimeorodheshwa kisheria, na kwa kawaida zina siku 21 za kujibu. Tena hutakiwa kutoa taarifa kila mwaka ya namna zilivyotimiza wajibu huo.

Katika jimbo la Victoria, Australia, sheria yao ya mipango ya 1987 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2013 ili kutenganisha aina mbili za taasisi zinazoulizwa. Zipo ambazo zikikataa, halmashauri haiwezi kutoa kibali. Na zipo zinazotoa ushauri tu, na halmashauri huupima na kuamua. Kila moja inajua iko kundi gani, na mwombaji pia anajua.

Jirani zetu Kenya, katika sheria yao ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, waliandika kwamba kaunti isambaze nakala za maombi kwa taasisi husika ndani ya siku 7, na taasisi zijibu ndani ya siku 14. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Hili la mwisho sisi hatuliombi. Kimya kinaweza kumfaa mwenye kujenga kibanda, lakini hatungependa wodi ya wazazi ijengwe kwa kimya. Tunachokipenda ni zile tarehe mbili za mwanzo.

Na kwetu zipo hatua. Mwaka 2018 serikali ilitoa mpango wa kuboresha mfumo wa udhibiti, unaojulikana kama MKUMBI, uliokiri wazi kwamba taasisi nyingi zinagusa jambo moja na kumchosha mwananchi. Mwaka 2020 zilifunguliwa ofisi za ardhi za mikoa, na bahasha za kaki zikaacha kupanda basi kwenda mbali. Siku hizi huduma za halmashauri zinaombwa kwa mtandao. Tunazipongeza hatua hizi, tukiongeza neno moja la mhasibu: barua isiyo na tarehe ya mwisho, hata ikikaa kwenye kompyuta, ni barua ile ile.

Tunachopendekeza

Kamati yetu imewasilisha kwa halmashauri mapendekezo sita. Hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya wala fedha nyingi.

1. Iwepo orodha moja ukutani: kwa jengo la aina hii wanaulizwa hawa, na mwombaji alete nyaraka hizi. Orodha ipitiwe kila sheria inapobadilika.
2. Nakala ziende kwa wote siku moja, si kwa zamu. Waraka uliopokelewa na mmoja uhesabiwe umepokelewa na wote.
3. Kila barua iwe na tarehe ya kujibu. Asiyehusika airudishe ndani ya siku tatu akimtaja anayehusika.
4. Kila jibu liseme waziwazi kama ni sharti la kisheria, na kifungu kitajwe, au ni ushauri.
5. Majibu mawili yakipingana, wahusika wakutane kiwanjani kabla mchoro haujarudishwa kwa mwombaji.
6. Masijala iwe na rejesta ya maombi inayoonyesha siku faili lilipoingia na kutoka kila meza, na muhtasari wake usomwe katika kikao cha madiwani kila robo mwaka.

Kwa pendekezo la sita tumejitolea kutoa mafunzo ya siku mbili, bila malipo, kwa watunza masijala. Ni kazi tunayoijua. Fedha za umma hulindwa na daftari linaloonyesha nani alishika nini na lini. Siku za umma nazo zinastahili daftari.

Harambee ya mwaka huu

Jengo jipya la wazazi limefika lenta. Ndiyo, lenta ile ile ambapo la kwanza liliishia, na tunajua wapo wanaolitazama kwa wasiwasi. Safari hii kibali kina saini za wote waliopaswa kuulizwa, na nakala yake imebandikwa ndani ya ukumbi huu. Isomeni.

Makadirio ni Sh. milioni 96. Tumekwisha kukusanya na kutumia Sh. milioni 58, na hesabu zake zimo katika kurasa za mwisho za kijarida hiki. Tunahitaji Sh. milioni 38 kwa ajili ya kupaua, milango na madirisha, mfumo wa maji na umeme, na lile shimo la mashariki. Katika fedha hizo tumetenga Sh. 600,000 kwa jambo ambalo hatukuwahi kulitenga: safari mbili za pamoja za wataalamu kiwanjani, moja kabla ya kupaua na moja kabla ya kufungua.

Kuhusu boma la barabarani, tumeazimia kulibomoa wenyewe kabla hatujaamriwa. Tofali zilizo nzima zitajenga uzio wa jengo jipya. Kwa hiyo wale 312 waliochanga mwanzo, pamoja na wale watatu waliotangulia mbele ya haki, mchango wao hautapotea wote. Utasimama pale, kuzunguka jengo walilolitaka.

Karibuni tuchange. Na atakayetaka kuuliza swali la kila mwaka, aulize. Kuuliza si ujinga.

*Kamati ya Fedha na Mipango ya Chama*